Kompyuta ya Kwanta Yafundishwa kwa Punje na Njiti za Kiberiti

Katika nyumba nyingi za kambini elimu hukaa meza moja kwa daraja mbalimbali. Baba ni koplo aliyeacha shule alipomaliza darasa la saba. Mama alifika kidato cha nne, na cheti chake bado kimekunjwa vizuri ndani ya sanduku la nguo. Mtoto mkubwa yuko sekondari, na mdogo ndiyo kwanza ajifunza kugawanya. Watu hawa wanne wakiletewa somo moja jipya ambalo hakuna hata mmoja wao aliyepata kulisikia, mwalimu ataanzia wapi, na kwa lugha gani, ili mkubwa asichoke na mdogo asipotee?

Swali hili ndilo linalowashughulisha walimu wa elimu ya kompyuta za kwanta katika nchi kadhaa za dunia. Kwa muda mrefu elimu hiyo ilihesabiwa kuwa ya mabingwa peke yao. Lakini katika miaka ya karibuni baadhi ya walimu wameionyesha njia ya kuiingia kwa mtu yeyote anayejua kujumlisha, kutoa na kuzidisha, na njia yenyewe yaweza kujaribiwa nyumbani, mezani, baada ya chakula cha jioni.

Kompyuta ya kawaida, iwe ile ya ofisini au ile iliyomo ndani ya simu ya mkononi, hufanya kazi kwa alama mbili tu, sifuri na moja. Kila barua, picha na sauti hugeuzwa kuwa mfululizo mrefu wa alama hizo. Kompyuta ya kwanta nayo ina alama mbili, lakini hutumia tabia za vitu vidogo mno, kama chembe za mwanga na elektroni, ambavyo havifuati desturi za vitu tunavyovishika mkononi. Mtaalamu wa Marekani Richard Feynman alilizungumza wazo la mashine ya namna hii mwaka 1981, na mwaka 1985 David Deutsch wa Oxford, Uingereza, akaeleza kanuni za mashine kamili. Sehemu moja ya alama katika mashine hiyo huitwa kyubiti.

Kufuli la hesabu

Msomaji huenda akauliza askari na jamaa yake wana haja gani na mambo haya. Haja ipo, nayo ni ya siri.

Mtoto wa darasa la sita aweza kuzidisha 53 kwa 61 akapata 3,233. Lakini mpe 3,233 peke yake, umwambie atafute namba mbili zilizoizaa, naye atakaa na karatasi mpaka taa izimwe. Juu ya tofauti hiyo, yaani urahisi wa kuzidisha na ugumu wa kurudi nyuma, wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, walijenga mwaka 1977 kufuli la kuficha ujumbe. Namba zinazotumika katika kufuli hilo siku hizi zina tarakimu zaidi ya mia sita. Benki hulitumia, serikali hulitumia, na watu wengi hulitumia kila wanapofungua intaneti, bila kujua.

Mwaka 1994 Peter Shor, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Bell huko Marekani, alithibitisha kwamba kompyuta ya kwanta iliyo kubwa na imara ingeweza kulifungua kufuli hilo. Mashine zilizokwisha kutengenezwa hazijafikia uwezo huo. Hata hivyo, mtu anayenasa ujumbe leo na kuuweka ghalani aweza kungoja mashine ije. Kwa sababu hiyo idara ya vipimo ya serikali ya Marekani ilitangaza mwezi Agosti 2024 kanuni tatu mpya za kufuli ambazo haziitegemei hesabu ile ya zamani. Watakaozitia kanuni hizo katika mashine za ofisi na za vituo si maprofesa, ni mafundi mitambo, makarani wa mawasiliano na vijana waliotoka shule za kawaida. Ndiyo maana suala la kumfundisha asiye bingwa si anasa.

Mlango uliofungwa kwa matriksi

Kwa desturi mwanafunzi wa elimu ya kwanta huanzia chuo kikuu, akiwa amekwisha kupita katika hesabu za matriksi, ambazo ni majedwali ya namba yanayozidishwa kwa utaratibu wake wenyewe, na nambari changamano, ambazo wengi hawazioni hata kidato cha sita. Mtu asiyezijua huambiwa kwa upole arudi baadaye. Wengi hawarudi.

Wengine walijaribu kumfungulia mlango kwa mithali. Walimwambia kwamba kyubiti ni kama sarafu inayozunguka hewani, ni sifuri na moja kwa pamoja, na kwamba kompyuta ya kwanta hujaribu majibu yote kwa mara moja. Maneno hayo ni matamu, magazeti huyapenda, lakini humwacha mwanafunzi pale pale alipokuwa, na katika jambo moja humpotosha kabisa, kama itakavyoonekana mbele. Kila aliyepita chuo cha ualimu anakumbuka kwamba mtoto huongozwa kutoka linalojulikana kwenda lisilojulikana. Mithali ya sarafu humchukua mtoto kutoka linalojulikana na kumwacha hapo hapo, akidhani amefika.

Mmoja wa waliotafuta njia ya tatu ni Terry Rudolph, profesa wa fizikia katika chuo cha Imperial College, London, ambaye ni mjukuu wa Erwin Schrödinger, mmoja wa waasisi wa elimu ya kwanta. Mwaka 2017 alitoa kitabu kidogo kiitwacho Q is for Quantum. Ndani yake hakuna matriksi wala nambari changamano. Kuna mipira myeupe na myeusi, masanduku ya kuipitisha, na neno moja ambalo kwa Kiswahili linakaa vizuri kabisa: ukungu.

Punje mezani

Nyumbani si lazima kutafuta mipira. Maharagwe meupe na meusi yatosha, pamoja na njiti chache za kiberiti.

Sanduku la kwanza ni rahisi: punje nyeupe ikiingia hutoka nyeusi, na nyeusi ikiingia hutoka nyeupe. Hili hata kompyuta ya kawaida inalo. Sanduku la pili Rudolph analiita PETE, jina ambalo kwa Mswahili lingeleta habari za arusi, lakini hapa ni jina tu. Punje nyeupe ikiingia katika PETE, mara nyeupe hutoka, mara nyeusi, bila mpango wowote, na kwa wingi hutoka nusu kwa nusu. Punje nyeusi ikiingia, ni vivyo hivyo. Mpaka hapo mtu mzima yeyote atasema kwamba sanduku hili linapiga kura tu.

Sasa yawekwe masanduku mawili ya PETE, moja juu ya jingine, na punje nyeupe idondoshwe kutoka juu ipite yote mawili bila mtu kuchungulia katikati. Chini hutoka nyeupe. Irudiwe mara mia, hutoka nyeupe mara mia. Ikidondoshwa nyeusi, hutoka nyeusi siku zote.

Hapa ndipo darasa linaponyamaza. Mama anayejua jiko ataliona tatizo kabla ya mwenye cheti cha fizikia. Aliyechanganya mchele na mchanga hawezi kuuchanganya mara ya pili akapata mchele mtupu. Kama sanduku la kwanza limekwisha kupiga kura, kura ya pili yawezaje kuirudisha rangi ya mwanzo? Na tena, mtu akichungulia katikati ya masanduku mawili akaiona rangi ya punje, mambo hubadilika, na chini hutoka nyeupe na nyeusi nusu kwa nusu. Jambo hili si hadithi. Chembe za mwanga zikipitishwa katika vioo vya maabara vinavyogawa mwanga nusu kwa nusu, hutenda hivyo hivyo.

Rudolph hamwambii mwanafunzi akubali miujiza. Anampa kanuni ya kuandika. Punje nyeupe ikipita katika PETE, kinachotoka ni ukungu wenye nyeupe na nyeusi. Punje nyeusi ikipita, kinachotoka ni ukungu wenye nyeupe na nyeusi yenye alama ya kutoa. Mezani alama hiyo ni njiti moja ya kiberiti iliyolazwa ubavuni mwa punje. Kanuni ni hiyo tu.

Mtoto mdogo apewe kazi ya kupanga. Punje nyeupe iingie PETE ya kwanza, na mezani ziwekwe nyeupe moja na nyeusi moja. Kila moja iingie PETE ya pili. Ile nyeupe yazaa nyeupe na nyeusi. Ile nyeusi yazaa nyeupe na nyeusi yenye njiti. Jumla mezani ni nyeupe mbili, nyeusi moja, na nyeusi moja yenye njiti. Nyeusi isiyo na njiti na nyeusi yenye njiti hufutana, kama deni linavyofutwa na malipo, nazo huondolewa mezani. Zinabaki nyeupe peke yake. Basi mtu akitazama ataona nyeupe, hana jingine la kuona.

Akianza na nyeusi, njiti huwekwa mahali pengine na nyeupe ndizo zinazofutana. Akichungulia katikati, ukungu hutoweka ikabaki punje moja tu, na punje moja haina mwenzake wa kufutana naye. Ndiyo maana kuchungulia huharibu.

Katika hatua hiyo ndogo ndimo ilimo tofauti kati ya kutojua na ukungu. Sarafu iliyofunikwa kwa kikombe ni kichwa au ni mwenge, hata kama hatujui ni ipi, na kutojua hakuwezi kuwekewa alama ya kutoa. Ukungu wa kwanta huweza. Mwanafunzi aliyezipanga punje hizo kwa mkono wake ameyafahamu yale ambayo mithali ya sarafu ingemficha, na hakuhitaji hesabu yoyote ya juu ya darasa la saba.

Je, mchezo huu ni wa watoto tu? Swali hili huulizwa, na jibu lake lawashangaza hata wasomi. Liongezwe sanduku moja la punje tatu, lenye amri ya kuigeuza rangi punje ya tatu endapo zile mbili za kwanza zote ni nyeusi, na kuiacha kama si hivyo. Askari wa ghala ataitambua amri hiyo: mlango haufunguliwi mpaka sahihi mbili ziwepo. Mwaka 2003 wataalamu Yaoyun Shi na Dorit Aharonov walionyesha, kila mmoja kwa njia yake, kwamba sanduku hilo pamoja na PETE yatosha kufanya hesabu yoyote iwezayo kufanywa na kompyuta ya kwanta. Yaani nambari changamano zaweza kungojea. Mwenye punje, njiti na masanduku hayo hakupewa picha ya kompyuta ya kwanta, amepewa yenyewe, ila ni ya mkono.

Tatizo la mkono ni meza. Punje moja ina hali mbili za kuandika, mbili zina nne, tatu zina nane. Punje kumi zataka mistari 1,024, na ishirini zataka mistari 1,048,576. Kwa punje hamsini mistari hupita milioni milioni elfu moja, na hakuna karatasi wala kompyuta ya kawaida inayoiandika kwa raha. Hapo ndipo haja ya mashine huonekana bila mtu kuhubiriwa.

Vijana wa Oxford

Njia nyingine, ya picha badala ya punje, ilitokana na kazi ya Bob Coecke na Ross Duncan walipokuwa Oxford. Katika njia yao hesabu huchorwa kwa nukta zenye rangi zilizounganishwa kwa nyuzi, na mwanafunzi huruhusiwa kuziunganisha au kuzikata nukta kwa kanuni chache, kama afumaye mkeka. Mwaka 2023 njia hiyo ilijaribiwa kwa vijana zaidi ya hamsini wa shule za sekondari za Uingereza, wenye umri wa miaka 16 hadi 18. Walifundishwa kwa majuma machache ya kiangazi, kisha wakapewa mtihani wenye maswali yaliyochukuliwa kutoka mitihani ya shahada ya juu ya chuo kikuu cha Oxford. Zaidi ya wanne katika kila watano walifaulu.

Matokeo hayo yafurahisha, lakini yasitiwe chumvi. Vijana wale walijitolea wenyewe, na anayejitolea kusoma kwanta wakati wa likizo si mwanafunzi wa kawaida. Isitoshe, mtihani uliandikwa kwa lugha ile ile ya picha waliyofundishwa. Lililothibitishwa ni kwamba kizuizi kilichokuwa kikiitwa ugumu wa kwanta, kwa sehemu kubwa kilikuwa ugumu wa maandishi yake.

Afrika nayo haikukaa nyuma. Chuo kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini kilijiunga mwaka 2019 na mtandao wa kampuni ya IBM wa vyuo vinavyotumia kompyuta zake za kwanta. Kigali, Rwanda, kuna chuo cha AIMS cha sayansi za hisabati, kinachopokea wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika waliosoma kwa mitaala isiyofanana na hata kwa lugha zisizofanana, wengine Kifaransa, wengine Kiingereza. Mwalimu wa darasa la namna hiyo hawezi kusema kwamba kila mtu anajua anachojua jirani yake. Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi ya kwanta, azimio lenyewe lilipelekwa rasmi na Ghana.

Hata mashine zenyewe si za kuonwa kwa mbali tena. Mwezi Mei 2016 IBM iliunganisha na intaneti kompyuta ndogo ya kyubiti tano, na watu wa kawaida wakaruhusiwa kuituma kazi bila malipo. Sanduku linaloitwa PETE katika kitabu cha Rudolph lilikuwamo, likiwa limeandikwa herufi H, kwa heshima ya Jacques Hadamard, mwanahisabati wa Ufaransa. Aliyejifunza kwa punje angelitambua kwa kazi yake.

Vikombe vinne na ufunguo

Sasa turudi kwenye maneno yale matamu, kwamba kompyuta ya kwanta hujaribu majibu yote kwa mara moja. Ubaya wake wadhihirika kwa vikombe.

Vifunikwe vikombe vinne mezani, na chini ya kimoja uwekwe ufunguo. Yuko mlinzi anayejua ulipo, lakini hujibu ndiyo au siyo tu, kikombe kwa kikombe. Polisi mwenye bahati mbaya atauliza mara tatu ndipo awe na hakika. Mwaka 1996 Lov Grover, mzaliwa wa India aliyekuwa katika maabara ya Bell, alibuni namna ya kuuliza mara moja tu.

Kila kikombe kiandikiwe namba 1 kwa chaki. Huo ndio ukungu wa vikombe vinne, vyote sawasawa. Mlinzi aulizwe mara moja, naye badala ya kusema ndiyo, aweke njiti mbele ya namba ya kikombe chenye ufunguo. Sasa namba ni 1, 1, 1 na kutoa 1. Kama mtu angetazama wakati huu asingefaidi kitu, kwa maana njiti peke yake haibadilishi bahati ya kikombe kuonekana.

Hatua ya pili ndiyo ya ufundi. Utafutwe wastani: moja na moja na moja ni tatu, toa moja ni mbili, gawanya kwa nne ni nusu. Kisha kila namba igeuzwe kuuzunguka wastani huo. Iliyokuwa juu yake ishuke chini kwa kadiri ile ile, na iliyokuwa chini ipande juu kwa kadiri ile ile. Namba 1 iko nusu moja juu ya wastani, basi hushuka nusu moja chini yake na kuwa sifuri. Kutoa 1 iko moja na nusu chini ya wastani, basi hupanda moja na nusu juu yake na kuwa 2. Vikombe vitatu vina sifuri. Kimoja kina 2, na ndicho chenye ufunguo. Mlinzi ameulizwa mara moja.

Baba atauliza, na ni haki yake, kwa nini mtu asifanye hivyo kwa vikombe elfu. Basi viwekwe nane ajionee. Saba vina 1, na chenye ufunguo kina kutoa 1. Jumla ni sita, wastani ni robo tatu. Baada ya kugeuza, saba huwa nusu moja, na cha ufunguo huwa mbili na nusu. Safari hii havikufutika vyote. Ili kujua bahati ya kila kikombe, namba yake huzidishwa kwa yenyewe: mbili na nusu mara mbili na nusu ni sita na robo, na jumla ya vyote vinane ni nane. Bahati ya kuuona ufunguo ni 78 katika mia. Si mbaya, lakini si hakika.

Mlinzi aulizwe mara ya pili, na wastani ugeuzwe tena. Cha ufunguo hufika mbili na robo tatu, na bahati hupanda mpaka kiasi cha 95 katika mia. Mwanafunzi mwenye bidii sasa atataka kuuliza mara ya tatu, maana amezoea kwamba bidii huongeza. Aachwe afanye hesabu yake mwenyewe, asizuiwe. Baada ya mara ya tatu cha ufunguo kimeshuka hadi 1.625, na bahati imeanguka mpaka 33 katika mia. Ni kama mpishi wa wali asiyejua wakati wa kupunguza moto.

Ingekuwa mashine hii inajaribu majibu yote kwa mara moja, kuuliza zaidi kusingeliharibu jibu lililokwisha kupatikana. Kumbe kazi yake ni nyingine: huongoza namba mpaka za makosa zifutane na ya kweli isimame juu, kisha lazima isimamishwe kwa wakati wake. Na nafuu yenyewe ina mpaka. Kwa vikombe milioni moja, anayeuliza kimoja kimoja huuliza kiasi cha mara laki tano kwa kukadiria, naye Grover huuliza mara 785. Ni nafuu kubwa, lakini mara 785 si mara moja.

Mwalimu aliyefundisha kwa mithali hawezi kulijibu swali la baba. Aliyefundisha kwa vikombe hana haja ya kulijibu, kwa sababu baba ameshika chaki.

Kwa watoto waliokwisha kujifunza desimali, kazi ya kufanya mwisho wa juma ni vikombe kumi na sita. Waanze kama ilivyoelezwa, kumi na tano vikiwa na 1 na kimoja kikiwa na kutoa 1, nao wahesabu mpaka mara ya nne, wakiandika bahati ya ufunguo kila mara. Mara ya kwanza wataona kiasi cha 47 katika mia, mara ya pili 91, mara ya tatu 96. Mara ya nne haitajwi hapa.